Mimi mtoto wa Kizanzibari, naweza kuwa barista wa mahakama ya familia Uingereza?

*Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 20, nasoma sheria mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Midlands hapa Uingereza. Wazazi wangu wametoka Unguja. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba za kutunzia wazee, baba anaendesha teksi. Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu mahakama ya familia, nikamwona barista wake anavyozungumza mbele ya jaji, na tangu siku hiyo sina ndoto nyingine. Lakini mwalimu mmoja kaniambia hiyo ni kazi ya watoto wa Oxford na Cambridge. Ami yangu anasema ni kazi ya kuvunja nyumba za watu. Navaa hijabu na sitaki kuivua. Pesa hatuna. Je, najidanganya? Niache mapema nitafute kazi nyingine?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko hiyo hapo juu. Sehemu inayoeleza kesi ya shangazi yako nimeiondoa kwa makusudi. Kesi za watoto hapa Uingereza husikilizwa faraghani, na kutangaza yanayosemwa humo kunaweza kuwa kosa la kuidharau mahakama, hata kama anayeandika ni ndugu mwenye nia njema. Ukiwa barista utaishi na siri hizi kila siku, kwa hiyo anza kuzizoea leo. Kuhusu shangazi mwenyewe nitarudi mwishoni, kwa sababu yeye ana haraka kuliko wewe.

Umeniuliza kama unajidanganya. Hujidanganyi. Lakini mwalimu wako naye hakusema uongo mtupu, na nisingependa uingie safari hii ukidhani nusu ya ukweli ni ukweli wote. Mimi nimeifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini, nilikuja nchi hii kutoka Tanga nikiwa msichana wa sekondari, na niliomba nafasi ya uanagenzi, yaani mwaka wa kujifunza kazi chini ya barista mzoefu, miaka mitatu mfululizo kabla ya kupewa.

Kwanza tuelewane maneno, kwa kuwa nyumbani tunasema wakili na yamekwisha. Uingereza na Wales zina mawakili wa aina mbili kuu. Solisita ndiye anayempokea mteja, anaandika barua, anakusanya nyaraka. Barista ndiye anayeitwa kesi inapofika mahakamani, asimame, aulize mashahidi maswali, amshawishi jaji. Barista walio wengi wamejiajiri. Wanakaa pamoja katika chemba, wanachangia kodi ya jengo na mshahara wa makarani, lakini kila mmoja anakula jasho lake. Karani wa chemba ndiye anayepokea simu za masolisita na kugawa kazi, na kwa barista mchanga karani ni mtu wa kuheshimiwa sana.

Sasa hilo la Oxford na Cambridge. Katika chemba zinazoshughulika na kesi kubwa za biashara jijini London, ndiyo, utakutana na wahitimu wa vyuo hivyo viwili kwa wingi. Chemba za familia, hasa zilizo nje ya London, zina mlango mpana zaidi. Nimekaa kwenye jopo la kuchuja maombi, na ninachotafuta ni matokeo mazuri, uzoefu halisi wa kusema mbele ya watu, na dalili kwamba mwombaji anajua kesi za familia ni kitu gani. Matokeo hayakwepeki: ukikosa daraja la kwanza au la pili la juu, chemba nyingi zitaiweka fomu yako pembeni. Kwa hiyo kama kuna somo linalokulemea mwaka huu, hapo ndipo pa kuweka nguvu zako.

Ugumu wenyewe uko kwenye hesabu. Wanaoanza kozi ya kusomea ubarista ni zaidi ya 2,000 kwa mwaka, ingawa wengi wao ni wageni wanaorudi makwao wakishahitimu. Nafasi za uanagenzi zimekuwa kama 500 au 600 hivi. Mlango ni mwembamba kwa kila mtu, na mwembamba zaidi kwa asiye na mtu ndani wa kumwelekeza. Wanawake sasa ni kama wawili kati ya kila mabarista watano, lakini ukipanda kwa Mawakili wa Mfalme, cheo cha juu kabisa cha kazi hii, wanabaki kama mmoja kati ya watano. Watu weusi wote, wake kwa waume, ni kama watatu tu kati ya mia.

Hata hivyo taaluma hii iliwahi kuwafungia wanawake wote nje, tajiri na maskini. Mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 1919, mwanamke hakuweza kuwa barista kabisa. Helena Normanton alijiandikisha Middle Temple, mojawapo ya nyumba nne zinazomkubali mtu kuwa barista, siku chache tu baada ya mabadiliko hayo, na Ivy Williams akawa wa kwanza kukubaliwa rasmi mwaka 1922. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa Wakili wa Malkia, kama cheo kilivyoitwa wakati huo, alikuwa Patricia Scotland, mwaka 1991. Alizaliwa Dominica, akakulia Walthamstow mashariki mwa London katika familia ya watoto wengi, na kazi iliyompandisha ilikuwa sheria ya familia. Baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa Uingereza na Wales. Sikutajii majina haya ili uyakariri. Nataka uone kwamba tawi la familia limewahi kuwa njia ya kupitia kwa watu ambao matawi mengine hayakuwataka.

Hijabu yako ibaki kichwani. Katika Mahakama ya Familia hatuvai wigi wala joho, tunavaa suti ya kawaida iliyotulia. Na kwenye mahakama ambako wigi linavaliwa, anayefunika kichwa kwa sababu ya dini huruhusiwa kutolivaa. Msome Raffia Arshad. Ni barista wa familia aliyefanya kazi Nottingham, huko huko Midlands uliko. Mwaka 2001 alikuwa anakwenda kwenye usaili wa kuomba ufadhili wa masomo ya ubarista, na mtu wa familia yake, kwa kumhurumia, akamshauri avue hijabu. Akaenda nayo, na ufadhili akapewa. Mei 2020 aliteuliwa kuwa naibu jaji wa wilaya, miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa wenye hijabu kukalia kiti cha jaji katika nchi hii. Lakini amesimulia pia jinsi karani wa mlangoni alivyomuuliza kama yeye ni mteja, au mkalimani, au mwanafunzi aliyekuja kujifunza kazi, kila kitu isipokuwa barista. Septemba mwaka huohuo, Alexandra Wilson, barista kijana mweusi wa kesi za jinai na za familia, alieleza alivyodhaniwa mshtakiwa mara kadhaa kwa siku moja, na uongozi wa mahakama ukamwomba radhi hadharani.

Mimi pia yamenikuta. Niliwahi kuamriwa nikakae na wazazi wanaosubiri kesi zao, faili langu likiwa mkononi. Siku za mwanzo nilikuwa nalia chooni kisha nanawa uso naingia mahakamani. Sikuambii uyazoee, maana hayafai kuzoewa. Nakuambia ujue kwamba yatakuja, ili siku hiyo usidhani kosa ni lako.

Ami yako anasema tunavunja nyumba za watu. Mheshimu, na ukipata nafasi mweleze hivi. Nyumba ikifika kwangu imekwisha kuvunjika, au inawaka moto na watoto wamo ndani. Tangu Aprili 2022 talaka hapa haihitaji hata kumtafutia mwenzako kosa. Mmoja anatangaza kwamba ndoa imekwisha, miezi inahesabiwa, basi. Muda wangu mwingi unakwenda kwenye maswali mawili: mtoto akae wapi, na je, serikali ina haki ya kumwondoa kwa wazazi wake? Sheria ya Watoto ya 1989 inasema ustawi wa mtoto ndio unaotangulia kuliko yote. Halmashauri ikitaka kumchukua mtoto lazima kwanza ivuke kizingiti: ithibitishe kwamba mtoto anapata madhara makubwa, au yu karibu kuyapata, kwa sababu ya malezi yasiyofaa au kwa kuwa wazazi wameshindwa kumdhibiti. Na kesi hiyo inatakiwa imalizike ndani ya wiki 26.

Wiki 26 ni chache mno kwa familia ambayo haieleweki. Nikupe mfano, na nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Mama mmoja, mzungumzaji wa Kiswahili, aliulizwa mtoto wake alikuwa wapi wakati yeye yuko hospitali. Akajibu, "Nilimwacha kwa mama mdogo." Sentensi nyepesi, ambayo wewe umeielewa kabla hujaimaliza. Kwenye ripoti iliingia kwamba mama alikiri kumtelekeza mtoto kwa "mama mwingine mwenye umri mdogo". Maofisa wakahisi kuna msichana asiyejulikana, pengine mke mwenza, pengine hata mtoto mwenzake. Kumbe mama mdogo ni dada yake wa tumbo moja, mtu mzima, mwenye kazi na nyumba, ambaye kwa mila zetu ni mama wa yule mtoto. Huyo ndiye aliyestahili kuchunguzwa wiki ya kwanza kama mtu anayeweza kupewa ulezi. Alikuja kuulizwa mwezi wa tatu, mtoto akiwa tayari kwa wageni.

Hakuna aliyefanya ubaya kwa makusudi pale. Mkalimani alifasiri neno kwa neno. Ofisa aliandika alichoambiwa. Solisita alikuwa na mafaili mengi. Ilihitajika mtu mmoja chumbani wa kuuliza, "Huyu mama mdogo ni nani kwako?" Watu wanaponiuliza kwa nini natumia Jumamosi zangu kufundisha vijana wa shule za kata za hapa kujiandaa na usaili, hili ndilo jibu langu. Mabarista wakitoka nyumba za aina moja, kuna maswali ambayo hayaulizwi, na mtoto ndiye anayelipa. Bibi anayelea mjukuu kwetu ni jambo la kila siku, ila kwenye ripoti linaweza kusomeka kama mzazi kashindwa. Na kinyume chake pia: kuna mambo yanayofichwa nyuma ya neno "mila zetu", kupiga watoto kupita kiasi, kuwaoza wasichana kwa nguvu, na anayejua mila kutoka ndani ndiye mgumu kudanganywa.

Mfano mwingine utakaokutana nao katika jamii yetu ni nikahi. Dada zetu wengi wamefunga ndoa sebuleni hapa Uingereza, sheikh akaja, mahari ikatolewa, pilau ikaliwa, na hawakwenda kwa msajili. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sherehe ya namna hiyo peke yake haihesabiki kisheria kuwa ndoa hata kidogo. Matokeo yake, wakiachana, mwanamke hawezi kudai mgawanyo wa mali kama mke. Haki za matunzo ya watoto ziko palepale, lakini nyumba aliyoitunza miaka kumi na tano inaweza kumponyoka. Ndoa iliyofungwa Unguja au Mombasa kwa kufuata sheria za huko ni jambo lingine. Kwa kawaida inatambuliwa. Nimewaona wanawake wakisikia habari hii kwa mara ya kwanza kwenye korido ya mahakama. Barista anayeweza kuieleza kwa lugha ya mama yake anafanya kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya.

Usinielewe vibaya, lakini. Hutakuwa wakili wa Waswahili tu, na usikubali kufanywa hivyo. Tuna kanuni inayofananishwa na teksi za kwenye foleni: teksi iliyo mbele humchukua abiria wa kwanza, hachagui sura. Ukiwa na nafasi na kesi iko ndani ya ujuzi wako, unaichukua. Kuna siku utasimama upande wa halmashauri, na mama anayelia upande wa pili atakuwa amevaa kanga kama ya mama yako. Atakutazama kama msaliti. Nimetazamwa hivyo, na usiku ule sikulala. Jiulize kwa utulivu kama utaweza, kwa sababu wapo vijana wenye akili nyingi walioacha kazi kwa ajili ya hili, na sikuwalaumu.

Haya, pesa. Kozi ya ubarista inagharimu kati ya pauni 12,000 na 20,000 hivi, kutegemea chuo na mji. Kabla ya kuianza ni lazima ujiunge na mojawapo ya nyumba nne za kale: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Hizo ndizo zinazomkubali mtu rasmi kuwa barista, baada ya kumaliza kozi na kuhudhuria vikao kadhaa vya mafunzo, baadhi yake vikiwa vya chakula cha usiku. Hulazimiki kunywa pombe, na chakula chako unakiagiza mapema. Jambo ambalo watoto wa watu wa kawaida hawaambiwi ni kwamba nyumba hizi kwa pamoja hutoa mamilioni ya pauni ya ufadhili kila mwaka. Inner Temple na Middle Temple humwita kwenye usaili kila aliyeomba. Unaruhusiwa kuomba ufadhili wa nyumba moja tu, na maombi hufungwa mwanzoni mwa Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kozi kuanza. Kwako, hiyo ni Novemba ya mwaka wako wa tatu. Vyuo vingine huunganisha kozi na shahada ya uzamili ili uweze kuomba mkopo wa serikali wa uzamili. Kama una shaka kuhusu hadhi yako ya ukaazi, nenda ofisi ya fedha ya chuo chako ukaulize ana kwa ana, usibahatishe.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo: usilipie kozi kwa pesa ya kukopa bila ufadhili wala ahadi ya uanagenzi. Ukishaimaliza una miaka mitano ya kupata uanagenzi, na nimewaona wazazi waliouza kiwanja nyumbani kwa ajili ya cheti ambacho hakikufungua mlango. Uanagenzi wenyewe unalipwa. Ni miezi kumi na miwili: sita unamfuata barista mzoefu kila aendako, sita unaanza kusimama mwenyewe. Kiwango cha chini cha malipo hupangwa upya kila mwaka na kwa sasa kimezidi pauni 20,000. Baada ya hapo, kwa kesi zinazolipwa na serikali, malipo huchelewa na kwa miaka ya mwanzo hayanenepeshi mtu. Tangu Aprili 2013 serikali iliondoa msaada wa kisheria kwenye migogoro mingi ya kifamilia isiyohusisha ushahidi wa ukatili wa nyumbani, na hilo lilitupunguzia kazi, likawaumiza zaidi wateja.

Mwaka huu fanya nini? Tafuta wiki ya kukaa chemba. Waandikie mwenyewe chemba za Birmingham, Nottingham na Leicester, na uombe pia kupitia Bridging the Bar, shirika lililoanzishwa mwaka 2020 kwa ajili ya vijana ambao taaluma hii haijawahi kuwa na wengi wao. Inner Temple ina mpango wake uitwao PASS. Jiunge na mashindano ya mabishano ya kesi ya chuo chako hata ukitolewa raundi ya kwanza. Jitolee Citizens Advice, shirika linalowapa watu ushauri bure. Na kwenye fomu zako usiifiche ile kazi ya kumsindikiza shangazi. Eleza ulichokiona kuhusu mahakama, bila kutaja chochote cha kesi. Wenzako wengi hawajawahi kukaa kwenye benchi lile.

Ukiona njia hii imekugomea, kuwa solisita wa familia si kushindwa. Mtihani wao mpya ulianza 2021, unahitaji miaka miwili ya uzoefu, na uzoefu huo unaweza kuukusanya ukiwa unalipwa mshahara. Solisita ndiye aliyekaa na shangazi yako jioni mpaka akaacha kutetemeka. Wapo pia wanaopata kibali cha kusimama mahakama za juu. Baba yako akiuliza kama utaweza kurudi kufanya kazi nyumbani, mwambie cheti cha London peke yake hakitoshi siku hizi. Kila nchi ina utaratibu wake wa kupita.

Sasa shangazi. Kutokana na ulichoniandikia, halmashauri imeanzisha kesi ya kumchukua mtoto na barista aliyemwona mara ya mwisho alikuwa wa siku moja tu. Mzazi aliye katika kesi ya namna hii anapata wakili bure, awe na kipato au asiwe nacho. Ampigie solisita wake kesho asubuhi, na kama hana tena, atafute ofisi ya masolisita wa watoto iliyo karibu na aende na barua zote alizopokea. Aombe mkalimani wa mahakama, aseme wazi kwamba anataka anayezungumza Kiswahili cha Unguja. Wewe usimfasirie mahakamani, hata ukiombwa. Msindikize, kaa naye koridoni. Na leo usiku kaeni pamoja muandike majina ya ndugu wote wanaoweza kumpokea mtoto, pamoja na anuani zao na wanavyohusiana naye. Mama mdogo andika dada wa mama. Ami andika kaka wa baba. Karatasi hiyo apewe solisita kabla ya kikao kijacho.